Sanduku la vyumba, kabati la droo au dumu la lita 5? Tathmini ya vyombo vya kutunzia skrubu na bolti zilizobaki, kwa karakana za nyumbani Kigoma

Mwenye karakana ndogo nyumbani, awe Mwanga, Gungu au Ujiji, akitaka kununua chombo kimoja tu cha kupangia skrubu, bolti, nati na washa zilizobaki kazini, anunue sanduku la plastiki lenye vikombe vinavyotoka. Moja linatosha. Vitu vizito aviweke kwenye madumu ya mafuta ya kula ya lita 5 yaliyokatwa dirisha ubavuni, na vinavyoshika kutu upesi aviweke kwenye makopo yenye mfuniko wa kuzungusha. Kabati la droo ndogo za plastiki, lile linalovutia macho kuliko yote dukani, tumeliweka mwisho, na kwa hewa ya ziwani tunamshauri mtu aliache.

Tumepima vyombo hivi kwa mambo mawili: uzito na unyevu. Uzuri wa kupanga, rangi na idadi ya vyumba huja baadaye sana.

Tuanze na uzito, maana ndio unaovunja vyombo. Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Bolti na nati zikimwagwa ovyo ndani ya chombo, karibu nusu ya nafasi ni hewa, kwa hiyo lita moja ya mchanganyiko huo hufika kilo 3.5 hadi 4. Dumu la lita 5 lilitengenezwa kubeba mafuta ambayo hayafiki hata kilo 5. Ukilijaza bolti unalibebesha zaidi ya kilo 15, na hapo ndipo mkono wake unapong'oka au kitako kinapopasuka. Hesabu hiyohiyo inahusu masanduku ya dukani: vyumba vyake vyote pamoja vikiwa na lita 3, likijaa linazidi kilo 10, huku vifungo vyake ni vijiplastiki vyembamba tu.

Unyevu nao una tabia yake Kigoma. Masika hapa ni marefu, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na ziwa liko mlangoni. Chuma kinapoa usiku. Asubuhi hewa yenye unyevu inaingia dirishani na kugusa chuma ambacho bado ni baridi, nayo inaacha umande mwembamba usioonekana kwa macho. Huo umande unatosha. Skrubu nyeusi za jipsamu ndizo huanza kutoa rangi ya kahawia, kwa sababu ule weusi wake ni koti jembamba lililokusudiwa kukaa ndani ya ukuta mkavu. Zinafuatiwa na misumari ya kawaida isiyo na zinki. Bolti zenye koti la zinki huvumilia zaidi, lakini zikianza kutoa unga mweupe ujue zinki inaliwa, na baada yake ni zamu ya chuma.

Sasa sanduku lenyewe.

Linalofaa lina vikombe vya kutoa kimojakimoja, mfuniko angavu na mkono wa kubebea. Faida yake kubwa ni kikombe kutoka: unakwenda nacho kwenye kazi, unakirudisha, na hujachota skrubu kwa vidole hadi zimwagike. Masanduku yenye vigawanyiko vilivyoshikamana na kitako ni ya bei nafuu zaidi, ila kuchukua washa ndogo kwenye kona ya chumba cha mraba ni kazi ya kuudhi, na usafi wake ni mgumu.

Udhaifu wa masanduku haya uko sehemu moja, nayo ni nafasi kati ya ukingo wa chumba na mfuniko. Washa ya M3, yaani ya bolti yenye kipenyo cha milimita 3, ina unene wa nusu milimita, ya M4 milimita 0.8, ya M5 milimita 1, na za M6 na M8 milimita 1.6. Mfuniko ukiacha mwanya wa milimita moja tu, siku utakaposimamisha sanduku kwa mkono wake washa zote ndogo zitahamia kwa jirani, na kazi yote ya kuchambua imepotea. Kwa hiyo nenda dukani na washa chache za M4 mfukoni. Ziweke kwenye chumba cha kona, funga, geuza juu chini, tikisa, kisha fungua. Muuzaji mwelewa hatakuzuia. Zikiwa zimehama, ama chagua jingine ama ujue utalazimika kubandika ndani ya mfuniko lile povu jeupe jembamba linalofungia luninga mpya. Povu hilo halinyonyi maji. Sponji ya godoro usiitumie, inakaa na unyevu na kuugusisha kwenye chuma siku nzima.

Kitu cha pili cha kukagua ni aina ya plastiki. Geuza sanduku utafute pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 5 ni polipropilini: inapindika bila kukatika, inavumilia oili na mafuta ya taa, na bawaba yake nyembamba inafunguka mara nyingi sana kabla ya kuchoka. Namba 6 ni polistirini: ni angavu na nzuri, lakini ukiigonga kwa ukucha inalia kama glasi, na tabia yake ni ya glasi pia. Inapasuka ikianguka, na petroli ikiigusa inaanza kuota nyufa. Sanduku la namba 6 linafaa skrubu kavu peke yake. Kama pembetatu haionekani, bonyeza mfuniko katikati kwa kidole gumba. Ule unaotoa mlio mkali na haupindiki ndio wa kuogopa.

Pini za vifungo nazo zitazamwe. Pini za chuma kisicho na zinki zitashika kutu humu mwetu kabla ya skrubu zilizomo.

Ukilikosa sanduku la namna hii katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini, agiza Kariakoo. Ni jepesi likiwa tupu, kwa hiyo usafiri wake hauumizi, ila mwambie anayekutumia asilijaze bidhaa nyingine ndani. Ukilinganisha bei, gawa bei kwa idadi ya vikombe unavyovihitaji kweli. Sanduku la vyumba 30 ambalo utatumia 12 si rahisi kama linavyodai bango. Kwa nyumba nyingi vikombe 10 hadi 16 vinatosha kabisa, kwa sababu ambazo zitaonekana tukifika kwenye kuchambua.

Kabati la droo tumelikataa kwa mambo matatu. Moja, liko wazi: kila droo ina mwanya mbele na juu, hivyo hewa ya masika inapita humo. Pili, droo nyingi angavu ni za ile polistirini, na ukishapaka skrubu oili ili zisishike kutu, mafuta yanagusana na plastiki isiyoyapenda; mkono mdogo wa kuvuta droo ndio hukatika mwanzo. Tatu, droo zisizo na kizuizi nyuma hutoka zote kwa ghafla zikiwa nzito, na kabati lenyewe, likiwa na droo nzito za juu zimevutwa, huanguka kifudifudi. Anayelitaka hata hivyo, maana kwa vitu vya umeme kama fyuzi, viunganishi na vijisoketi ni zuri kweli, alifunge ukutani kwa skrubu mbili juu na aweke vizito droo za chini.

Kwa wenzetu wa Tabora hukumu inalegea kidogo. Kule kiangazi ni kikavu na adui mkubwa ni vumbi, hivyo kabati la droo linaweza kuishi vizuri likifunikwa kitambaa au kuwekwa ndani ya kabati la mbao lenye milango. Ila masika ya Tabora nayo ni masika, na skrubu za jipsamu zifungiwe kopo huko pia.

Dumu la lita 5 ndilo chombo tunachokipenda zaidi kwa bolti za M8 kwenda juu, misumari ya inchi 3 na kuendelea, bawaba, komeo na kona za chuma. Linapatikana kila mtaa, ni la plastiki ngumu ya namba 2 isiyodhurika kwa oili, na likivunjika halikuumizi mfukoni. Tatizo ni namna watu wanavyolikata. Wengi hukata shingo yote na kubaki na ndoo isiyo na mkono, halafu wanaijaza. Kata dirisha ubavuni, uache mdomo, kifuniko na mkono vikiwa vizima.

Lioshe kwanza. Dumu lililokuwa na mafuta ya alizeti linatoka kwa maji ya moto na sabuni. Lililokuwa na mawese linahitaji maji ya moto yenye magadi soda, vijiko viwili kwa lita, litikiswe na mchanga kidogo ndani, limwagwe, lirudiwe hadi rangi nyekundu iishe. Lianike juani mdomo ukiwa chini mpaka likauke ndani kabisa. Kisha chora dirisha kwenye ubavu mpana: ukingo wa chini uwe sentimita 6 kutoka kitakoni, wa juu ufike chini kidogo ya bega la dumu, na kila upande ubaki na sentimita 2 za plastiki. Kabla ya kukata, toboa tundu la duara la milimita 10 kwenye kila kona ya mchoro, kwa keekee au kwa chuma cha moto ukiwa nje penye upepo. Matundu hayo ndiyo yanayolinda dumu: kona kali ya mkato wa kisu huanzisha ufa, na ufa ukianza hausimami; kona ya duara haiupi pa kuanzia. Unganisha matundu kwa kisu kikali au kipande cha jino la msumeno wa chuma, halafu lainisha kingo kwa msasa namba 120 ili zisichane mkono.

Ile sentimita 6 ina sababu. Kitako cha dumu la kawaida la lita 5 kina takriban sentimita 19 kwa 13, kwa hiyo hadi ukingo wa dirisha panaingia lita moja na nusu, nayo ni kilo 5 hivi za bolti. Ukingo wenyewe ndio mizani. Bolti zikianza kumwagika dirishani, dumu limefika mwisho wa uwezo wake, na unafungua dumu la pili. Anayekata dirisha juu zaidi ili "liingize mengi" anaondoa kinga hiyo. Madumu haya yasikae penye jua la moja kwa moja. Jua hukausha plastiki hii ikawa ya kuvunjika vunjika, na huanzia kwenye mkono.

Makopo yenye mfuniko wa kuzungusha, yale ya siagi ya karanga au ya jemu, ni kwa skrubu za jipsamu, skrubu za mbao zisizo na zinki, misumari midogo ya inchi 1 na springi. Ya plastiki ni bora kuliko ya kioo mahali penye sakafu ya saruji. Wapo wanaopenda kupigilia mifuniko chini ya rafu na kuning'iniza makopo. Ni jambo zuri la kuokoa nafasi, mradi mfuniko uwe wa bati, ufungwe kwa skrubu mbili zilizo mbalimbali (moja ikiwa peke yake mfuniko utazunguka nayo), na kopo lisizidi nusu kilo. Fahamu pia kwamba ukishatoboa mfuniko, kopo halizibi tena hewa. Kwa skrubu za jipsamu usitoboe.

Kopo lililozibwa linafungia ndani chochote ulichokiweka, unyevu ukiwemo. Skrubu zianikwe juani juu ya bati kwa saa mbili tatu, ziachwe zipoe kivulini, ndipo zifungwe. Vile vifuko vidogo vya chembe vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba vinasaidia, kimoja au viwili kwa kopo, lakini hujaa maji na kuacha kufanya kazi. Kuvifufua, mimina chembe kwenye kikaango kikavu kisichopikiwa chakula, moto mdogo, koroga nusu saa, zikiwa bado za uvuguvugu zirudishe kwenye kitambaa chembamba ufunge.

Kuna vyombo ambavyo havifai hata vikioshwa haraka haraka. Ndoo au sado iliyokuwa na chumvi, na katika mkoa wenye chumvi ya Uvinza vyombo hivyo ni vingi, hubaki na chumvi kwenye mikwaruzo ya plastiki. Chumvi hunyonya maji hewani na kuharakisha kutu mara nyingi zaidi. Chupa ya dawa ya kufulia nguo nyeupe ni mbaya zaidi, mvuke wake unakula hata stenlesi. Ndoo ya mbolea vilevile. Na hata chombo kikiwa safi, kisikae rafu moja na betri ya sola ya maji inayochajiwa, kwa sababu inatoa mvuke wa tindikali kila siku juu ya kila chuma kilicho karibu. Ukiona kutu imeota upande mmoja tu wa rafu, tafuta betri.

Tuingie kwenye kuchambua, maana chombo kizuri chenye mchanganyiko ndani yake ni jalala lenye mfuniko.

Mwaga kila kitu juu ya turubai nje, mchana. Funga sumaku ya spika mbovu ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe juu ya rundo. Chuma kitang'ang'ania, kisha ukivuta mfuko kinaanguka chenyewe. Kinachobaki chini ni shaba, alumini na sehemu kubwa ya stenlesi. Stenlesi itenge kwa heshima. Bolti zake nyingi zina A2-70 au A4-80 kichwani, na kwa wenye boti pale Kibirizi au Katonga hizo ni mali. Zikifungwa nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi bila grisi hung'ang'aniana hadi zikatwe, kwa hiyo ziweke na kijikopo cha grisi pembeni.

Kabla ya kupanga, tupa. Tunasema hivi kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo karakana nyingi hushindwa. Skrubu iliyokufa kichwa, bolti iliyokufa thredi (meno), msumari uliopinda chini ya inchi 4, chuma chenye kutu iliyochimba mashimo: vyote viende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Msumari mnene uliopinda unaweza kunyooshwa ukatumika kwenye fomu za zege, lakini usirudishwe kwenye kenchi, kwa kuwa pale ulipopinda umeshachoka. Pini za kupasua zilizokwisha kutumika usizitunze hata moja. Washa za springi zilizolala bapa hazina kazi tena. Nati zenye pete ya plastiki ndani zikigeuka kirahisi kwa vidole zimeisha, na mahali penye mtikisiko, kama kwenye pikipiki, zitafunguka zenyewe. Bolti za silinda hedi ya gari, ukizikuta, zitoe kwenye hazina. Nyingi zimeundwa zivutike mara moja tu.

Kinachobaki, hasa bolti, kipangwe kwa kipenyo na thredi, na hapo panahitaji kipimo. Nunua nati mpya moja moja za M4, M5, M6, M8, M10 na M12, zitunge kwenye waya kwa mpangilio, zitundike juu ya meza. Kila bolti ijaribiwe kwa vidole. Nati ikiingia mizunguko minne bila kulazimishwa, umeipata. Ikiingia miwili na kukwama, usivute spana: ni thredi nyingine. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, karibu sawa na M8, lakini nafasi ya meno yake ni tofauti, inaanza vizuri na kukwama. M10 ya duka la ujenzi ina nafasi ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. M10 iliyotoka kwenye gari la Kijapani mara nyingi ina 1.25. Ukizichanganya katika dumu moja, siku ya haraka utaua thredi ya kitu cha thamani kwa bolti ya bure.

Ndiyo maana pia hatushauri kupanga kwa kichwa peke yake, ingawa mafundi wengi hukumbuka bolti kwa namba ya spana. Bolti ya M8 ya dukani huchukua spana 13, ya gari la Kijapani spana 12. M10 ya dukani huchukua 17, au 16 kwa zile za viwango vipya. Ya Kijapani 14. Na M12 ya Kijapani huchukua 17. Kwa hiyo spana 17 peke yake haikuambii kama umeshika M10 au M12. Andika vyote viwili kwenye dumu: "M10, 1.5, spana 17". Namba zilizochongwa kichwani, 8.8, 10.9, 12.9, ni za nguvu, na zenye 10.9 kwenda juu ziwe na kopo lake; bolti isiyo na namba kabisa ihesabiwe kuwa laini, isiende kwenye breki wala shokapu.

Kwa urefu, usichambue kila milimita. Makundi matatu yanatosha: chini ya milimita 30, 30 hadi 60, zaidi ya 60. Anayetenga 25 na 30 na 35 atachoka wiki ya pili na kurudi kwenye rundo moja. Skrubu za mbao vilevile, fupi na ndefu basi. Skrubu za bati zenye mpira zikae peke yake, na mpira uliopasuka ubadilishwe kabla ya kuhifadhi, maana juu ya paa hakuna atakayekumbuka kuukagua. Ukifuata makundi haya utaona kwa nini vikombe 10 hadi 16 vinatosha.

Kutu nyepesi inaondolewa kwa siki usiku mmoja, brashi ya waya, maji yenye magadi soda kuua ukali, jua, halafu oili. Bolti zenye koti la zinki usizitie kwenye siki, itavua zinki yote. Na zile za 10.9 na 12.9 usizitie tindikali ya aina yoyote, hata ya ndimu: chuma kigumu kikikaa kwenye tindikali hunyonya haidrojeni na kuwa cha kukatika ghafla chini ya mzigo, bila kuonyesha dalili. Hizo zisuguliwe tu.

Oili ya kuhifadhia iwe safi. Changanya sehemu moja ya oili mpya ya injini na tatu za mafuta ya taa, chovya skrubu ndani ya soksi ya nailoni, ning'iniza nje mbali na jiko hadi ziache kudondoka; mafuta ya taa yanaruka na kuacha utando mwembamba. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ina tindikali na masizi, na ngozi yako haiihitaji. Mawese tunawasihi watu wa Kigoma wayaachie chungu. Yana asidi zake, yanaganda, na baada ya muda yanakuwa gundi yenye vumbi inayoshika nati kwenye bolti. Kwa vitu vikubwa vitakavyokaa miaka, grisi nene haina mpinzani, na ushahidi wake uko katika historia ya ziwa letu: wahandisi wa Kijerumani walipoizamisha meli ya Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, Julai 1916, walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Meli ilitolewa majini 1924, ikafanyiwa matengenezo, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Lebo ya maka peni hufutika kwa oili. Andika kwenye karatasi, funika kwa solatepu pana, na juu ya dirisha la dumu funga kwa waya kipande kimoja cha kilichomo ndani. Mtoto anayetumwa kuleta bolti atalinganisha kwa macho, hahitaji kusoma.

Rafu yenyewe ihesabiwe. Madumu kumi ni kilo 50, kwa hiyo tumia ubao wa inchi 1 kwa 8 wenye nguzo hadi sakafuni kila sentimita 60. Misumari ya ukutani kwenye tofali za kuchoma isitegemewe. Ubao uwe umekauka, kwani mbao mbichi hutoa maji miezi mingi. Rafu ya chini iwe sentimita 30 juu ya sakafu, unyevu usipande na njia ya mchwa ionekane mapema.

Ruhusu dumu moja tu la mchanganyiko, kwa vitu vinavyotoka mfukoni jioni wakati hakuna nguvu ya kuchambua. Liweke karibu na mlango, bila lebo. Likifika ukingo wa dirisha, limwagwe turubaini na kuchambuliwa lote kabla ya kitu kingine kuingia humo.